Ahadi ya Ndoa katika Usemi wa Wanyakyusa wa Rungwe

Wachunguzi wa fasihi ya ndoa wamezoea kuanza na nyimbo, wala si ajabu, kwa kuwa nyimbo husikika. Katika nchi ya Rungwe, ambako wamisionari wa Moravian walifungua kituo chao mwaka 1891, arusi ya kanisani ina mambo mawili yanayosikiwa na watu wote: kiapo cha maarusi na nyimbo za kwaya. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba mwenye kuishia hapo huiacha nje ahadi nyingine ya Wanyakyusa, isiyoimbwa wala kuapwa, ambayo kwa upande wa sanaa ya maneno yastahili kuwekwa juu ya hizo mbili.

Tuzitazame kwanza nyimbo. Nyimbo za arusi za Kiswahili zinazoimbwa Tukuyu, kama zile za miji yetu mingine, zina sifa zake: hukusanya watu, humtukuza bibi arusi, huwausia wawili wavumiliane. Kasoro yake ni kwamba huutaja uvumilivu kwa jumla. Mwimbaji hasemi ni jambo gani litakalovumiliwa, wala lini. Basi wimbo uleule huwatosha maarusi wote, na kwa sababu hiyo haumfungi yeyote. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utendi karibu na mwaka 1858, hakufanya hivyo. Aliutia wajibu wa mke katika mambo ya kila siku, hata usingizi wa mume na chakula chake vikatajwa. Msomaji wa leo aweza kuyakataa mafunzo yake, lakini hawezi kusema kwamba hakuelewa kilichoagizwa.

Ahadi ya Kinyakyusa ninayoikusudia ni ya namna hiyo. Huitwa ingamwana, nayo ni lugha ya adabu ya wanawake walioolewa. Mke halitaji jina la baba mkwe wake, wala maneno yanayofanana nalo kwa sauti. Tufanye mfano kwa Kiswahili. Kama mkwe angeitwa Mvua, mke asingeweza kusema kuwa mvua inanyesha. Naye anakaa Tukuyu, ambako mvua haiachi kutajwa. Ingempasa aseme, labda, kuwa maji ya juu yanashuka. Na hata neno "vua" angelikwepa. Kila aliponena, alikumbuka ameolewa katika nyumba gani.

Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya vijiji vya rika vya Wanyakyusa, aliieleza heshima hii pamoja na desturi ya zamani ya wana kujenga mbali na baba zao, ili mambo ya ndoa ya vizazi viwili yasichanganyike. Ng'ombe wa mahari waliifunga ahadi baina ya koo mbili, na ulimi wa mke ukaitunza siku hata siku.

Msomaji atasema kuwa huo ni mzigo aliotwishwa mwanamke. Ni kweli, wala hoja hiyo haifai kupuuzwa. Mume hakutakiwa kuigeuza lugha yake kwa kadiri hiyo. Kwa upande huu kiapo cha kanisani kina haki zaidi, kwa kuwa wawili huahidiana mmoja kwa mwingine. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo huifanya ndoa kuwa muungano wa hiari, uliokusudiwa kudumu maisha yao yote. Hakuna sababu ya kutamani amri ya kale irudi.

Lakini kuilaumu amri ni jambo moja, na kuudharau usemi uliozaliwa nayo ni jambo jingine. Wanawake walioambiwa wasitaje walijibu kwa kuvumbua. Walifanya kwa lazima lile ambalo mshairi hulifanya kwa hiari, yaani kulitafutia jambo la kawaida jina lisilo la kawaida, na msikilizaji akaelewa. Amri ilitoka kwa wengine. Utunzi ulikuwa wao.

Kwa hiyo mwanafunzi aendaye Rungwe na daftari lake asiridhike na nyimbo peke yake. Aketi na bibi zake, aandike neno lililokwepwa, neno lililoshika mahali pake, na jinsi lilivyopatikana. Kazi hii haingoji, maana shuleni na ofisini husemwa Kiswahili, na msamiati wa ingamwana haurithiwi na wajukuu kama zamani. Watungaji wa kwaya nao wana la kujifunza humo: ahadi hupata nguvu inapotaja tendo ambalo mtu aweza kulitimiza au kulivunja kesho asubuhi.