Halali imeandikwa, karanga je?

Hoteli ndogo za Jinja na Mbale zinastahili sifa kwa jambo moja: Mwislamu hapati shida sana. Mbale kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu 1988, na neno "halali" utalikuta limeandikwa ukutani. Lakini mtu ambaye mwili wake haukubali karanga, nani anamwandikia?

Huku karanga ndiyo sosi. Malewa ya Wagisu, yale machipukizi ya mianzi, hupikwa na karanga iliyosagwa. Dodo, samaki mkavu, hata nyama vinaweza kutiwa humo. Ukiuliza, unajibiwa "iko kidogo tu", kama vile unachagua chakula. Kumbe kwa mwenye aleji hicho kidogo kinaweza kufunga koo. Hata maharage hayako salama yakipakuliwa kwa upawa uleule.

Hapo rolex ya barabarani inashinda hoteli: chapati na mayai unaona vikipikwa, mafuta unauliza.

Hatudai makubwa. Upawa wa pembeni, na jibu la ukweli. Na nyinyi mnaotupeleka vijana semina mjini, kabla ya kuagiza chakula cha wote, ulizeni kwanza: nani hali nini?