Mto Uliofichwa Bustanini

Jaribu kidokezo hiki nilichokitunga kwa Kiingereza, kwa mtindo wa mafumbo ya maneno ya magazeti ya Uingereza: "Flower found in different rented gardens", herufi tano. Wengi wataanza kutaja maua: tulip, lilac, poppy. Watakesha. Jibu ni TRENT, mto wa kilomita 298 unaoanzia Staffordshire, ukapita Stoke na Nottingham, kisha ukakutana na Ouse na kuzaa Humber.

Vidokezo vya aina hii vina sehemu mbili: maana ya jibu, na mchezo wa herufi unaolijenga jibu lilelile kwa njia nyingine. Maana hukaa mwanzoni au mwishoni. Hapa ni "flower", ila isomwe kama kitu kinachotiririka, kutoka "flow". Ujanja huu ni wa zamani, na una pacha wake, "banker", yaani chenye kingo. Mchezo wa herufi unaanzia "found in". Chukua herufi ya mwisho ya "different", uiunganishe na nne za mwanzo za "rented", usijali nafasi iliyopo kati yao. Trent huyo.

Kasoro ipo. "Gardens" haijengi chochote katika jibu; imewekwa kunogesha picha ya maua tu. Derrick Macnutt, aliyeanza kutunga mafumbo ya The Observer mwaka 1939, akajulikana kwa jina la Ximenes na kuandika kitabu cha kanuni za ufundi huu mwaka 1966, angelifyeka neno hilo bila huruma. Tukimtii tunapata "Some different rented flower". Kanuni imetimia, lakini nani hukodi ua moja? Hata hivyo, namuunga mkono Ximenes: mteguaji akishaona neno moja la bure, hataliamini tena neno lolote.

Kwa nini watunzi wanaing'ang'ania jiografia? Mandhari haiwahusu sana. Wanachotafuta ni maneno mafupi ya kujengea. Mto Exe unaoshuka kutoka Exmoor unawapa X katikati ya irabu mbili. "Tor", kilima chenye miamba ya matale kama vile vya Dartmoor, kikifuatwa na "rent", kodi ya nyumba, kinatoa TORRENT, mkondo mkali wa maji. "Ness", rasi, ni hazina zaidi, kwa kuwa maneno ya Kiingereza yanayoishia hivyo hayahesabiki. Nao Ely, mji wa Cambridgeshire uliokuwa kama kisiwa kabla vinamasi vya huko havijakaushwa, una kanisa kuu na askofu wake. Kwa hiyo watunzi huuita mji huo "see", jimbo la askofu, neno ambalo macho hulisoma kama "ona". Ndipo "Tim, see, coming at the right moment" inapotoa TIMELY.

Herufi kubwa nayo ni silaha. Mtunzi anaruhusiwa kuiongeza pasipostahili, ila haruhusiwi kuiondoa panapostahili. Ndiyo maana Bath, Reading, Deal na Sandwich, yote miji halisi yenye majina yanayosomeka pia kama maneno ya kawaida, hupenda kuwekwa mwanzoni mwa sentensi, mahali ambapo herufi kubwa haimshtui mtu.

Kidokezo kibovu kabisa ni kile kinachosema "mto, herufi tatu" na kuishia hapo. Exe, Dee, Don, Cam, Usk, Wye, Tay: uchague upi? Mtu aliyezaliwa kando ya Tay naye atabahatisha. Chenye mchezo wa herufi kinamtendea haki hata asiyewahi kukanyaga Uingereza, kwa sababu asipoujua mto bado anaweza kuujenga, kisha akauthibitisha kwenye ramani.

Anayetaka kuanza akariri mito hiyo saba, pamoja na tor, ness na Ely. Uingereza iliyobaki inaweza kusubiri.