Sifa za Wafagiaji wa Barafu

Katika kelingi, mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu uliozaliwa Uskoti, anayesifiwa kwanza ni mrushaji. Mimi sifa zangu nawapa wafagiaji. Jiwe la itale kutoka kisiwa cha Ailsa Craig, lenye uzito unaokaribia kilo 20, likishaachiwa haliruhusiwi kuguswa tena. Mbele yake kuna mita 28 hivi za barafu hadi katikati ya nyumba, ile miduara iliyochorwa upande wa pili. Safari hiyo yote wanakabidhiwa watu wawili wenye fagio.

Barafu yenyewe si laini. Kabla ya mchezo, fundi hutembea kinyumenyume akinyunyiza matone ya maji yanayoganda na kuwa vipele. Jiwe limebonyea chini, kwa hiyo hukanyaga vipele hivyo kwa ukingo wa mviringo wenye upana wa milimita chache tu. Likizungushwa kidogo linapoachiwa, hupinda kufuata upande wa mzunguko wake. Ukifudikiza bilauri na kuisukuma mezani ikizunguka, itapinda kinyume, na wanafizikia bado wanabishana kwa nini jiwe hufanya tofauti. Wafagiaji hawangoji jibu. Wanajua kwamba barafu ikisuguliwa mbele ya jiwe hupata joto kidogo, msuguano ukapungua, jiwe likafika mbali zaidi na kupunguza kupinda.

Lakini nguvu za mikono ni nusu tu ya kazi. Wafagiaji wako ubavuni mwa jiwe, wanausoma mwendo: litafika, litafia njiani, au litapitiliza. Nahodha amesimama ndani ya nyumba, anaisoma njia: limenyooka au linapinda mapema. Wao hawaoni vizuri anachokiona yeye, wala yeye haoni vizuri wanachokiona wao. Ndiyo maana hupaziana sauti kwa maneno ya pumzi moja: fagia, kaza, acha, safisha tu. Hilo la mwisho ni kupitisha ufagio taratibu ili kuondoa takataka njiani. Amri ikichelewa sekunde moja, jiwe hujigonga kwenye mlinzi, yaani jiwe lililotangulizwa kuziba njia, na mpango wote ukavunjika. Kumtii mtu aliye mbali huku unakimbia na kusugua kwa nguvu zako zote ni ufundi wa hali ya juu.

Ufagio ukiligusa jiwe linalokwenda, jiwe husemwa limeungua. Desturi ni kwamba aliyeligusa hujitaja mwenyewe, hata kama hakuna mwingine aliyeona. Uaminifu huo nauhesabu kuwa sehemu ya ufundi wenyewe.

Mwaka 2002, huko Salt Lake City, Uingereza na Uswisi waliingia duru ya mwisho ya fainali ya wanawake ya Olimpiki wakiwa sare, 3-3. Uingereza ndio walioshika nyundo, haki ya kurusha jiwe la mwisho. Jiwe la Rhona Martin, mrushaji wao, liliondoa la Uswisi, likabaki lenyewe karibu na kitovu: 4-3, na dhahabu. Jina linalokumbukwa ni la mrushaji, kama kawaida.

Olimpiki ya majira ya baridi ikirudi kwenye runinga, ongeza sauti, kwa kuwa wachezaji huvalishwa vipaza sauti. Jiwe likishaachiwa, mwache mrushaji, uwatazame wale wawili.