Sentimita mbili za Kibo

Mliokuwepo siku ile kwenye studio ya mpigapicha wetu wa mandhari, pale Arusha, mlipiga makofi alipomaliza kutuonyesha anavyohariri picha yake. Mimi sikupiga. Nilikuwa bado nimekodolea macho kijisanduku kilichokuwa juu ya skrini, alimoandika 120, nikisubiri akifute. Hakukifuta. Akabonyeza, Kibo kikapaa, na ukumbi mzima ukaitikia "waah!"

Mlima hauvutwi. Nalisema mapema ili asiyetaka mahesabu aishie hapa. Jina la mwenyeji nalihifadhi, kwanza kwa sababu alitupokea vizuri, pili kwa sababu ugonjwa huu si wake peke yake.

Mengine yote yalikuwa kazi safi: skrini iliyopimwa rangi, karatasi ya pamba, wino wa pigmenti, taa ya kukagulia printi yenye mwanga wa mchana, na faili ghafi lililopigwa kwa eksposha ya mtu anayejua theluji inaungua wapi. Sifa zimeisha, turudi kwenye 120.

Picha mnaikumbuka. Ni Amboseli, jua ndiyo kwanza limechomoza, kamera inatazama kusini. Kilimanjaro na vilele vyake, Mawenzi kushoto na Kibo kulia, mgunga mmoja mbele, na ukungu mwembamba miguuni pa mlima. Lenzi ni milimita 24. Kutoka pale hadi kilele ni kama kilomita 48. Uwanda wa Amboseli uko mita zipatazo 1,150 juu ya usawa wa bahari na Uhuru, ncha ya Kibo, ni 5,895, hivyo kinachosimama mbele ya kamera ni mita 4,700 na ushee za mlima. Mita hizo ukizigawa kwa umbali ule, unapata pembe isiyofika digrii sita. Lenzi ya 24, kamera ikiwa imelazwa, humeza digrii 53 kwa wima. Ndiyo kusema mlima mrefu kuliko yote Afrika unaambulia sehemu moja ya kumi ya kimo cha picha.

Hapo ndipo kila mpigapicha wa mandhari anapokata tamaa mbele ya kompyuta. Ukiwa Amboseli unaapa kwamba mlima umejaza mbingu. Ukifungua faili, unakuta kilima.

Kijana wetu akafanya nini? Akauchagua mlima peke yake, akauweka kwenye leya yake, akaunyoosha kwenda juu hadi asilimia 120 bila kuugusa upana. Mgunga ukabaki ulivyo, uwanda ukabaki ulivyo. Mshono akauficha ndani ya ukungu kwa brashi laini, na nakiri mkono wake ni mwepesi: ukiangalia mshono peke yake humkamati.

Unamkamata kwa Mawenzi. Chukua mita 3,999 za Mawenzi zilizo juu ya uwanda, ongeza asilimia 20, rudisha zile 1,150 za chini. Unapata 5,949. Kwenye picha ile Mawenzi kimekuwa kirefu kuliko Kibo halisi! Kibo chenyewe kimefika mita 6,800 na ushee, kimebakiza kidogo kuigusa Aconcagua ya Argentina. Mpagazi yeyote wa Marangu, hata kama hajawahi kushika kamera, ataitazama printi hiyo na kuhisi kuna kitu hakijakaa sawa, kwa sababu Kibo hakitambulikani kwa urefu. Kinatambulikana kwa upana: kichwa bapa, krateri ya zaidi ya kilomita mbili, mabega yanayoshuka taratibu kama mtu aliyeketi kwa raha. Kivute juu, mabega yanakazana, miteremko inasimama wima, na unaanza kuona mlima wa Wajapani wa kwenye kalenda.

Na haya yote kwa faida gani? Printi ni sentimita 150 kwa 100. Kabla ya kuvutwa, mlima ulichukua sentimita kama 10. Baada ya kuvutwa, 12. Mtu kaupotosha mlima unaojulikana dunia nzima ili apate sentimita mbili, ambazo mgeni aliyesimama hatua nne kutoka ukutani hatazipima.

Nilipomuuliza, aliniamkia kwanza, maana ana adabu, kisha akasema: "Mzee wangu, ukiwa pale unauhisi mkubwa. Mimi narudisha ile hisia tu." Nikamwambia: "Mdogo wangu, hisia inarudishwa kwa lenzi." Akacheka, na ukumbi ukacheka naye. Sijui mlicheka nini, maana lenzi ya 70-200 ilikuwa kabatini nyuma yake, kifuniko chake hakina hata mkwaruzo.

Wasomaji wa zamani wanajua ugomvi wangu na lenzi pana. Siku hizi kijana hanunui mkoba mpaka awe na 14 au 16, na kila mandhari inaanza na jiwe kubwa puani na mlima wa saizi ya kichuguu nyuma. Lenzi pana inatosha kwa makorongo na kwa vyumba vya hoteli. Kwa mlima ulio kilomita 48, weka 100. Pembe ya lenzi hiyo ni digrii 20 kwa ulalo. Mawenzi na Kibo ukiwa upande ule vinatengana kwa digrii kama 11, hivyo vyote viwili vinaingia na nafasi inabaki. Kwa wima unapata digrii zinazokaribia 14, na mlima unachukua karibu nusu ya fremu bila mtu kubonyeza chochote.

Shida, mtasema, ni mgunga: ukiweka 100 kutoka palepale, shina linajaza picha. Ndiyo. Basi rudi nyuma. Ukubwa wa mti mbele ya mlima hauamuliwi na lenzi, unaamuliwa na mahali uliposimama. Rudi mita mia kadhaa, mgunga unapungua, mlima kwa umbali wake haubadiliki hata kidogo, na sasa vinalingana. Hifadhini huruhusiwi kushuka garini ovyo, hivyo kazi yote ilikuwa kumwambia dereva arudishe gari nyuma.

Angeweza kukropu? Hapana, na hapo ndipo mzizi ulipo. Kamera yake ina pikseli 8,256 kwa 5,504. Ukiikata picha ya 24 ili ionyeshe kinachoonekana na 100, zinabaki pikseli zisizofika 2,000 kwa ulalo. Ukiziprinti kwa nukta 240 kwa inchi, unapata picha ya sentimita 21, ya kubandika kwenye friji. Aliliona hilo, akaona printi ya mita moja na nusu inayeyuka, akaenda kwenye kijisanduku. Kosa lilifanyika Amboseli, studio ikatumwa kulifukia.

Najua nitajibiwa kwamba hata wakubwa walichakachua. Walionitumia ujumbe kuhusu mpigapicha Ansel Adams, nimewasoma. Kweli, ile Winter Sunrise ya 1944, aliyoipiga kutokea Lone Pine, California, ilikuwa na herufi L na P za chokaa juu ya kilima, kazi ya wanafunzi wa mji ule, na Adams alizifuta kwenye negativu. Nimewahi kumtetea na namtetea tena, mkitaka semeni ni upendeleo. Alifuta chokaa ya watoto. Mgongo wa Sierra Nevada aliuacha na urefu wake. Vivyo hivyo Moonrise ya Hernandez, ya 1941: anga aliitia giza zaidi na zaidi kadiri miaka ilivyokwenda, lakini mwezi, kanisa na misalaba ya makaburini vilikaa pale vilipokuwa. Mwanga ni mali ya mwenye chumba cha giza. Umbo ni mali ya mlima.

Galen Rowell naye, Lhasa, 1981: aliona upinde wa mvua ukianguka kando ya kasri la Potala, si juu yake. Akakimbia na kamera yake, akakimbia mpaka upinde ukakaa juu ya paa. Hiyo ndiyo kazi. Miguu. Mwaka uliofuata, Februari 1982, National Geographic waliyasogeza mapiramidi ya Giza kwenye kompyuta ili picha ya kulala ienee kwenye jalada la kusimama, na jarida lile likasutwa kwa miaka. Kuna tofauti gani na 120? Pale yalisogezwa mawe, hapa umenyooshwa mlima.

Hata Walter Mittelholzer, rubani Mswisi aliyekizunguka Kibo kwa ndege mwaka 1930 na kamera mkononi, katika baridi na hewa nyembamba, alituachia picha ambazo leo mtu anaweza kuzifungua na kuona barafu ilifika wapi. Kati ya 1912 na 2007 mlima ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Picha za mlima huu ni ushahidi, apende asipende aliyezipiga, na ushahidi wa asilimia 120 haumsaidii mtu atakayetaka kulinganisha miaka 50 ijayo.

La pembeni, maana sitalala nisipolisema: mlima ni wetu, lakini mpigapicha wa Arusha anavuka mpaka wa Namanga kwenda kuupiga kutokea kwa jirani, wakati kuna Sinya, upande wetu, uwanda uleule na mlima uleule. Nimeliandika hili hadi mhariri amechoka.

Sasa, picha ile inaokoleka. Leya ipo, zima lile jicho la pembeni yake na mlima unarudi chini. Kisha usihangaike na kimo cha mlima, hangaika na kimo cha picha. Anga ya juu haina hata wingu, majani ya mbele hayasemi kitu. Kata vyote viwili, bakiza ulalo wote wa pikseli 8,256 na wima wa 2,750, printi sentimita 150 kwa 50. Kilele cha mgunga kitaguswa kidogo; nilipima kwa kidole kwenye skrini, kinavumilika. Mlima utakuwa na sentimita zake 10 zilezile, lakini sasa ni sehemu moja ya tano ya picha badala ya moja ya kumi, na karatasi imetumika nusu. Printi ya kwanza imeshaagizwa na hoteli moja. Ya pili, alivyosema mwenyewe, bado haijaingia kwenye mashine.