Ubao Wenye Makali

Anayejua kuchonga theluji kwa ubao wa kuteleza hutambulikana kwa alama anayoiacha nyuma yake. Anayeteleza ovyo huifagia theluji, akaacha njia pana iliyovurugika. Mchongaji huacha mstari mwembamba uliozama, uliopinda kana kwamba umepigwa kwa bikari, kisha mwingine unaopindia upande wa pili. Ubao wake haukuburuzika. Ulipita palepale makali yalipoelekea.

Siri imo katika umbo la ubao wenyewe. Ubavu wake haukunyooka, bali umekatwa kwa tao, kiuno kikawa chembamba kuliko ncha zote mbili. Mtelezaji akiulaza, uzito wake hukishusha kiuno, na ukingo wote wa chuma ukashika theluji kwa mpindo mmoja. Mafundi hulipima tao hilo kwa nusu kipenyo chake. Ubao wenye nusu kipenyo cha mita 12, ukilazwa nyuzi 60, huchora mpindo wa takriban mita 6. Kumbe kinachokata kona si nguvu za miguu, ni ulazaji. Kazi ya mtelezaji ni kuamua aulaze lini na kwa kiasi gani, halafu awe na subira ya kuuacha ufanye kazi yake. Subira hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko yote katika ufundi huu, kwa sababu haina njia ya mkato.

Mbio za makali ndizo zilizoufungulia mchezo huu mlango wa Olimpiki. Huko Nagano, mwaka 1998, Ross Rebagliati wa Kanada na Karine Ruby wa Ufaransa walitwaa dhahabu za kwanza katika slalomu kubwa. Baadaye vijana walivutiwa zaidi na kuruka na kujipindua hewani, viwanda vikubwa vikawafuata, na uchongaji ukabaki kwa wanariadha na warsha ndogo kama ya Kessler nchini Uswisi. Heshima yake haikupungua. Mwaka 2018, huko Pyeongchang, Ester Ledecká wa Cheki alishinda mbio za ski za Super-G, na wiki moja baadaye akashinda slalomu kubwa sambamba ya ubao.

Nimerudi mlimani baada ya kukaa mbali miaka mingi, na mfuko wangu hauzimudu bei za mbao mpya za warsha. Wahenga walisema rahisi ghali, lakini onyo hilo humpata mnunuzi asiyejua cha kukagua. Mbao nyingi za mashindano zina tabaka la titanali, aloi ya alumini inayotuliza mtikisiko kwenye mwendo mkali. Aloi hiyo ikishapinda hairudi, kwa hiyo kununua ubao wa aina hiyo mkononi mwa mtu ni kubahatisha. Ubao uliotumika wenye kiini cha mti na nyuzi za kioo huvumilia zaidi na huuzwa kwa bei ya chini. Anayerudi achague nusu kipenyo cha mita 10 hadi 12, ili mpindo utimie kwa mwendo wa wastani kwenye mteremko wenye watu. Kiuno nacho kilingane na buti. Vidole au kisigino vikichomoza nje ya ukingo, vitagusa theluji ubao ukilazwa, na makali yatang'oka.

Ukaguzi wenyewe ni wa macho na mikono. Ulaze ubao sakafuni: katikati panapaswa kuinuka kidogo. Pakandamize kwa kiganja, kisha uachie. Ukiinuka mara moja, mgongo wake ungali hai. Ukibaki umelala, achana nao hata ukipewa bure. Utazame kwa urefu, jicho likiwa nchani, uone kama umejisokota. Pitisha ukucha kwa kukingama juu ya chuma: makali mazuri huukwangua na kuacha unga mweupe. Kutu ya juujuu huondoka kwa tupa, lakini chuma kilichonolewa hadi kubaki uzi hakina tena cha kunolewa. Buti ngumu kuukuu zikaguliwe kwa ukali uleule, maana plastiki iliyozeeka hupasuka bila kutoa taarifa.

Fedha inayookolewa iende kwenye tupa nzuri, kwa fundi wa kunoa, na kwenye tiketi za lifti za siku za katikati ya juma, mteremko ukiwa na nafasi. Huko ndiko ufundi unakojengwa. Rangi mpya haimfundishi mtu kulaza ubao, wala jina lililoandikwa juu yake halimpi subira. Chuma chenye makali, mgongo unaoinuka na mtu aliye tayari kujifunza upya vinatosha kabisa kuchora mstari ule ambao bingwa angeutazama na kuutambua kuwa ni kazi ya mwenzake.