Istilahi Isiyoonyesha Kasoro: Uhakiki wa "Mtandao" na "Nakala Rudufu"

Istilahi hupimwa kwa mizani miwili. Je, inaeleweka? Na je, inamwongoza mtumiaji kutenda jambo lililo sahihi? Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, msamiati wa kompyuta wa Kiswahili umepiga hatua kubwa katika mzani wa kwanza. Katika makala haya tunakusudia kuutumia mzani wa pili, tukichunguza ujumbe wa namna hii: "Imeshindwa kuhifadhi nakala rudufu. Angalia mtandao wako."

Tuchukue mfano wa mwalimu aishiye Mpitimbi, wilayani Songea, mkoani Ruvuma. Alama za wanafunzi wake zimo katika kompyuta mpakato. Diski imechomekwa kwenye ruta chumba cha pili, ili nakala ipelekwe huko kila usiku bila waya. Asubuhi anaukuta ujumbe huo. Afanye nini? Kwa mazoea ya leo, "mtandao" ni kampuni ya simu au ni intaneti; basi atanunua kifurushi. Fedha zitakwenda na nakala isipatikane, kwa kuwa safari kutoka kompyuta hadi diski iliyomo nyumba ile ile haihitaji intaneti hata chembe.

Hapo lawama si ya mwalimu, bali ni ya istilahi. Neno moja limetwishwa mizigo mitatu: kampuni ya simu, intaneti, na muungano wa vyombo vya nyumbani. Tunapendekeza muungano huo uitwe daima "mtandao wa nyumbani", nayo intaneti iitwe kwa jina lake.

Kitenzi "imeshindwa" nacho kina upungufu. Kiambishi i- hakielezi ni kitu gani kilichoshindwa, wala wapi. Hali kasoro za kazi hii zajulikana, na kila moja ina dawa yake. Huenda kompyuta ililala kabla ya kazi kwisha. Huenda umeme ulikatika, ruta ikawaka upya na kuipa diski anwani nyingine. Huenda nywila imebadilishwa, au diski imejaa, au ukuta wa matofali umedhoofisha mawimbi. Pengine hapana kasoro yoyote ila wingi wa kazi: gigabaiti 100 zikipita hewani kwa mwendo wa megabiti 20 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 11, na usiku hautoshi. Kwa waya wenye mwendo wa megabiti 1,000, hesabu hiyo hiyo haifiki robo saa, ingawa diski yenyewe yaweza kuichelewesha. Ndiyo sababu yafaa nakala ya kwanza, iliyo kubwa kuliko zote, ipitishwe kwenye waya.

Mfasiri atajitetea kwamba hutafsiri alichopewa tu. Ni kweli. Lakini pale ambapo matini chanzi hutofautisha, tafsiri nayo haina budi kutofautisha: "diski haikupatikana", "diski imejaa", "muungano umekatika", "nywila si sahihi". Kuyaweka yote katika "imeshindwa" ni sawa na mganga kumwambia kila mgonjwa kwamba anaumwa.

Tumalizie na "nakala rudufu". Walimu wengi walilizoea neno kurudufu katika mashine za kuchapia mitihani kwa stensili. Walichorudufu kilikuwa cha kugawa, si cha kuweka. Neno hilo lataja idadi na kuficha kusudi. Kwa hiyo mtu huweza kuweka faili mbili katika diski moja akaridhika kwamba anazo nakala rudufu, na kwa maana ya neno hakukosea. Siku diski hiyo ikifa, zote mbili hufa pamoja.

Kiswahili kina neno "akiba". Mkulima wa mahindi wa Ruvuma hahitaji kamusi ili ajue kwamba mbegu ya akiba huwekwa mbali na chakula cha kila siku, na kwamba hukaguliwa kabla ya mvua, isije ikawa imeliwa na wadudu. Hayo mawili, kuweka mbali na kukagua, ndiyo hasa atakiwayo kuyafanya mwenye kompyuta. Wako watakaopinga kwamba akiba ni ya fedha. Kwa maoni yetu, "nakala ya akiba" yaiondoa shaka hiyo, na maana ile ya fedha yasaidia badala ya kudhuru.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa ofisi walijaribu neno hili katika miongozo yao. Wasiishie hapo: waifungue faili moja kutoka katika akiba na kuisoma. Alama za darasa zima zikipotea, hakuna istilahi itakayozirudisha; istilahi njema kazi yake ni kumwonya mwenyewe mapema.