Kumtafuta Mchawi: Neno Moja na Kazi Zake

Sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuuweka uchawi katika orodha ya dhamira. Siku ya mtihani unaandika "ushirikina", unatoa mfano mmoja kutoka kitabuni, unaongeza kwamba ushirikina hurudisha nyuma maendeleo, kisha unakwenda kwenye dhamira inayofuata, ambayo mara nyingi huwa ni nafasi ya mwanamke. Alama zinapatikana. Lakini mimi naona desturi hii inatuharibia usomaji. Katika vitabu vyetu, kama katika mitaa yetu, uchawi ni neno linalofanya kazi, na kazi yenyewe hubadilika kufuatana na nani analitamka, anamtamkia nani na anataka kupata nini.

Tuanze na neno lenyewe. Hapa Nyakabiga, ndani ya ua mmoja unaweza kusikia Kirundi, Kiswahili na Kifaransa kabla chai haijapoa. Kiswahili kinamtenga mchawi na mganga, na mganga na mpiga ramli, ingawa watu wenye hasira huwachanganya wote. Kirundi kina umurozi na umupfumu; wa kwanza anaua, wa pili anaulizwa nani kaua. Tena uburozi ni uchawi na ni sumu pia. Kijana akifa ghafla, majirani wakasema "baramuroze", hujui kama wanamaanisha aliwekewa kitu ndani ya bia au alitupiwa kitu kutoka mbali, na wao hawaoni haja ya kufafanua. Ndiyo sababu mwenyeji wa Kirundi huonja pombe kwanza kabla ya kumpa mgeni. Kisha linakuja neno la Kifaransa, sorcier, ambalo wamisionari na maofisa wa Kibelgiji walilitumia kama gunia: mrozi ndani, mpfumu ndani, hata waliombandwa Kiranga ndani. Mwenye kuponya na mwenye kuua wakawa kundi moja.

Kitabu kinachonifaa kuonyesha kazi ya kwanza ya neno hili ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Maiti inaonekana kwenye mzimu, na watu wako tayari kuamini kwamba wahenga wamekasirika. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hakubali. Anauliza, anapima, anakumbuka, mpaka anamfikia mtu mwenye mikono na sababu. (Simtaji muuaji, wapo ambao hawajasoma.) Wahakiki wengi huishia hapo na kusema kwamba riwaya inapinga ushirikina kwa kutumia akili. Ni kweli, lakini ni nusu ya jambo. Muuaji naye anatumia akili. Yeye anajua kwamba mahali penye hofu hapachunguzwi, kwa hiyo hofu ya wenzake inakuwa pazia lake. Jambo ambalo riwaya inaliona vizuri ni kwamba asiyeamini anaweza kufaidika na uchawi kuliko anayeamini.

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya mwaka 1969, ni kazi nzito zaidi, na ndiyo inayonifanya nisikubali ile orodha ya dhamira. Tunajua historia: mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwagawia watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, akanyongwa mapema mwezi wa Agosti mwaka huohuo, na vita vya Maji Maji vikaendelea bila yeye hadi mwaka 1907. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Mwandishi mwenyewe ametuonya kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni. Tusome basi aliyebuniwa.

Katika tamthilia, maji yanafanya angalau kazi tatu. Kwanza yanaunganisha: makabila yaliyokuwa yakisutana yanapata kitu kimoja cha kunywa na jina moja la kujiita. Kazi hii ni ya kweli hata kama risasi haigeuki maji. Pili, maji yanamponyoka aliyeyaleta. Kinjeketile anagundua kwamba maneno aliyoyatoa alipopandwa na Hongo yana ahadi ya kuwa watoto wa Seyyid Said, yaani kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine, naye anashtuka. Anataka watu wangoje, wajifunze vita, waungane zaidi. Hawangoji. Neno limeshatoka kinywani, na sasa linawamiliki wote, pamoja naye. Tatu, na hapa ndipo mchezo unapofikia kilele, Wajerumani nao wanayahitaji maji. Wanataka Kinjeketile atamke kwamba yalikuwa uongo. Angekubali, vita vyote vingegeuka kuwa upumbavu wa washenzi waliodanganywa na mganga, na malalamiko ya kodi, viboko na pamba ya kulazimishwa yangefutika. Anakataa. Hakatai kwa sababu anayaamini maji. Anakataa kwa sababu anaona wajukuu watafundishwa nini.

Sisi Warundi tuna kisa kinachofanana na hicho, na sijui kwa nini hakuna tamthilia ya Kiswahili juu yake. Mwaka 1934, huko Ndora, kaskazini-magharibi, mwanamke aliyeitwa Inamujandi alitabiri ujio wa mfalme mpya, na watu waliochoshwa na kodi, kazi za shuruti na machifu waliowekwa na Wabelgiji wakaasi. Uasi ulizimwa. Ukimwita Inamujandi mchawi, umemaliza habari zake kwa neno moja. Ukimwita mtabiri, inabidi ueleze kodi.

Serikali za kikoloni zililitambua neno hili hata kwenye sheria. Kenya ilipata sheria ya uchawi mwaka 1925, Tanganyika mwaka 1928, na zote mbili zilibaki vitabuni baada ya uhuru. Zinamwadhibu anayejidai mchawi na pia anayemshtaki mwenzake kwa uchawi. Hakimu anatakiwa kuadhibu kitu ambacho sheria yenyewe haitaki kusema kama kipo. Wala tusidhani ni mambo ya zamani. Desemba 2023 Mahakama ya Juu ya Burundi ilimhukumu Waziri Mkuu wa zamani, Alain-Guillaume Bunyoni, kifungo cha maisha. Pamoja na kutaka kupindua serikali na kujitajirisha isivyo halali, alitiwa hatiani kwa kutumia uchawi kuhatarisha maisha ya Rais. Yeye aliyakana mashtaka. Si kazi ya mwanafunzi wa fasihi kuihukumu hukumu. Ninachokiona kama msomaji ni kwamba neno lile linalosikika kwenye foleni ya maji limeingia katika lugha ya mahakama ya juu kabisa, na halikuonekana geni.

Kwa nini halichakai? Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya Wazande, alieleza habari ya ghala lililowaangukia watu waliokuwa wakipumzika chini yake. Wazande walijua fika kwamba mchwa ndio walioila miguu ya ghala. Swali lao lilikuwa jingine: kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale? Mchwa hawajibu swali hilo. Uchawi unajibu. Hata lugha ya kawaida inakubali: timu ikifungwa, msemaji anasema "tusitafute mchawi", na kila mtu anajua kwamba watamtafuta. Huko Rwanda, Desemba 2016, mchezo wa Rayon Sports na Mukura uligeuka kioja baada ya mshambuliaji kukimbilia nguzo ya goli kwa shughuli isiyo ya mpira, hadi shirikisho la soka likatangaza adhabu. Watu walicheka sana.

Lakini anayepatikana baada ya kutafutwa mara nyingi si mshambuliaji. Huko Usukumani amekuwa kikongwe mwenye macho mekundu, na macho hayo yamewekundishwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe anachopikia, kwa kuwa kuni hana. Huko Ruyigi amekuwa mtu mwenye ualbino, ambaye hashtakiwi uchawi wowote. Yeye anafanywa dawa. Julai 2009 mahakama ya Ruyigi iliwatia hatiani watu waliohusika na mauaji hayo, mmoja akafungwa maisha. Viungo vilikuwa vikivushwa kwenda Tanzania kutafuta wanunuzi wenye fedha. Hapa uchawi ni biashara kamili, yenye mnunuzi, dalali na mpaka wa kuvuka.

Hapo ndipo nina lawama kwa vitabu ninavyovipenda. Bwana Msa ni mwerevu anayetazama hofu za wengine kutoka juu. Kinjeketile ni mtu mwenye neno, na watu wanamngoja alitamke. Wote wawili wana nafasi ya kusema. Aliyeshtakiwa na hana neno, mjane ambaye shemeji zake wanalitaka shamba lake, hajapewa hata onyesho moja. Kiswahili kina methali inayosema mchawi mpe mwana akulelee, nasi tumeieleza darasani kama busara: ukimwamini mtu mbaya, ataona haya kukudhuru. Sikumbuki mtu yeyote akiuliza huyo mlezi aliitwa mchawi na nani, tangu lini, na usiku ule mtoto alipopata homa alikaa vipi peke yake naye, akijua kukikucha atahesabiwa.